Moshi Niliomsingizia Mkwe Wangu

Nesi wa kliniki ya kifua ndiye aliyenitia maneno. Alisema, "Bi Mize, wewe mdomo unao na kalamu unaijua. Waandikie wenzio wanaokuja hapa wamejifunika mtandio mpaka machoni." Nikamwambia sina la kuwaambia ila aibu. Akacheka, akasema basi waandikie hiyo aibu. Nimekaa na neno lake kipupwe chote, sasa vuli imeingia, na naona nisipoandika nitakuwa nimeficha tena. Kuficha ndiko kulikonifikisha nilikofika.

Kwa asiyenijua, mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, mkaazi wa Kikwajuni, na kazi yangu ilikuwa kupika udi. Nayeyusha sukari mpaka iwe nyekundu, natia vibanzi vya udi, sandali, miski na mafuta mazuri, nakoroga, namwaga kwenye sinia, ukipoa nauvunja vipande. Mabibi harusi wengi wa mtaa wetu wametoka kwao wakinukia mkono wangu. Sijisifu, au najisifu kidogo. Nyumbani naishi na mwanangu Haji, fundi bomba wa nyumba mpya za Fumba, na mkewe Mwatumu, mtu wa Mkokotoni. Mwatumu alikuwa akichoma vitumbua uani kwetu kila asubuhi, na watu walikuwa wakitoka Michenzani kumfuata.

Ugonjwa ulianza masika ya mwaka juzi kwa mafua yaliyokataa kuondoka. Watu wakaniambia tangawizi, nikanywa tangawizi. Wakaniambia asali na ndimu, nikanywa. Kikohozi chenyewe hakikuwa taabu yangu kubwa. Taabu ilikuwa kile kinachotoka. Mtu husema bila haya kwamba anakohoa, lakini hasemi kwamba anatema, na mimi nilikuwa nikitema kikombe kizima kwa siku, makohozi ya kijani yanayovutika kama bamia. Tena yananuka. Mimi niliyekuwa nikiwaambia wanawake wenzangu marashi gani yanawafaa na yapi wayaache, nanuka kifuani mwangu mwenyewe.

Nilitafuta kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, nikaliweka chini ya kitanda nyuma ya viatu. Alfajiri nalimwaga chooni kabla ya wengine kuamka. Nikakonda mpaka kanga ikanizunguka mara mbili. Ncha za vidole zikavimba, kucha zikabinuka, nikawa napaka hina ili mtu atazame hina asitazame kucha. Kwenye harusi moja nilishikwa na kikohozi katikati ya nyimbo, na mama aliyekaa ubavuni mwangu akahamia kiti cha pili, akijipepea, akijifanya anatafuta upepo. Kutoka siku hiyo nikawa napeleka udi kwa mkono wa mtu, mimi siendi.

Hospitali nilikwenda kwa kulazimishwa na Haji. Benchi la kusubiri kipimo cha kifua kikuu liko mahali ambapo kila apitaye anakuona, na aliyepita ni binti wa jirani yangu. "Shikamoo Bi Mize. Umekuja kumtazama nani?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Nimekuja kumtazama mgonjwa." Kikopo cha makohozi kilikuwa mkobani, bado kina joto. Majibu yalipotoka kwamba si kifua kikuu, nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka wale waliokuwa nacho, tuliokaa nao benchi moja asubuhi nzima, wakanitazama. Mmoja wao alikuwa amenigawia maji yake ya kunywa. Naona haya kwa shukrani ile mpaka leo.

Basi kama si kifua kikuu ni nini? Hawakujua bado, wakanipa vidonge na tarehe ya kurudi. Hapo kati ndipo nilipofanya jambo ambalo nadhani mtu wa pahala pengine asingelifanya. Chumba changu kilikuwa kimeanza kunuka. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikatia makaa kwenye chetezo, nikafukiza udi. Asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kwetu nyumba inayonukia udi haiulizwi kitu. Mgeni akiingia anasema mashaallah na anakaa.

Kila nikifukiza kifua kilikaza, na baada yake nilikohoa mpaka machozi. Wiki ya kwanza nilijiambia ni udi unakifungua kifua. Wiki ya pili nilijiambia hivyo hivyo, kwa sauti ndogo zaidi. Wiki ya tatu nilijua. Hakuna aliyeniambia, na wala hakukuwa na haja ya mtu kuniambia, kwa sababu siku nilizosahau kufukiza nililala vizuri. Lakini niliona afadhali kukohoa nikinukia kuliko kupumua nikinuka.

Vuli ya mwaka jana ilipoanza nikapelekwa kwenye ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya kifua, na majibu akanisomea daktari msichana wa Bara, Dokta Neema. Nilipoingia tu alivuta pumzi akatabasamu. "Mama, unanukia vizuri." Nikafurahi kama mjinga. Haji alikuwa amekaa pembeni yangu, kofia mkononi.

Mambo ya kitabibu siyawezi, nitasema nilivyoyasikia. Alisema njia zangu za pumzi zimetanuka na kulegea, na makohozi yanatuama humo. Nikamuuliza kwa nini yawe mazito namna ile. Akasema, "Damu ina askari wake. Wakiona mdudu kifuani wanajipasua wenyewe, wanatoa vilivyo ndani yao wanavitandaza kama nyavu, wamnase. Ni kazi nzuri hiyo. Lakini kwako nyavu haziondoki. Zinabaki, zinagandana na makohozi, zinachubua njia za hewa. Na pakichubuka, askari wengine wanakuja na nyavu zao."

"Na wadudu wenyewe hawamaliziki?" nikauliza.

"Hata wadudu wasipokuwepo, moshi peke yake unatosha kuwaamsha. Nyumbani kuna anayevuta sigara?"

"Hakuna," Haji akajibu.

"Mnapikia nini?"

Haji akawa anafikiri. Najua udi haukumpita akilini, kwa sababu amezaliwa ndani yake, na kwetu udi hauhesabiwi moshi. Mimi ulinijia. Ulisimama mbele yangu wima. Nikaona nikiutaja nitaulizwa kwa nini nafukiza mchana kutwa, na jibu la hilo ni lile kopo chini ya kitanda, na mwanangu wa kiume ananisikiliza.

"Mkwe wangu anachoma vitumbua kwa mkaa," nikasema. "Kila siku, uani, na chumba changu kinaelekea uani."

Dokta akaandika. "Moshi mwengine?"

"Hakuna mwengine."

Haukuwa uongo mtupu, na ndiyo maana ulinitoka kirahisi. Mkaa una moshi wake, na Mwatumu alichoma kweli. Dokta Neema akasema jiko hilo liondoke. Alasiri ile ile Haji akaifunga seredani, lile jiko la mkaa la mkewe, nyuma ya pikipiki, akaenda kuigawa huko kazini kwake. Alimwambia mkewe maneno machache tu: "Kifua cha mama, Mwatumu." Na yeye akasema, "Sawa." Akakiosha chuma chake cha vitumbua, akakifuta, akakiweka kabatini nyuma ya vyombo vya wageni.

Asubuhi iliyofuata watu wakagonga. "Mwatumu! Leo kulikoni?" Nikamsikia akiwajibu mlangoni, "Nnapumzika kidogo." Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki nzima. Hakumwambia hata mmoja kwamba ni kwa ajili ya mkwewe anayetema makohozi. Mimi nilikuwa chumbani, natia makaa kwenye chetezo.

Utauliza kwa nini sikuacha. Na mimi nimejiuliza. Nilidhani mtu akiniondolea udi nitabaki kizee kinachonuka, hakuna zaidi. Kufa sikukuogopa kama nilivyoogopa hilo.

Matibabu yalikuwa haya: vidonge siku tatu kwa wiki, maji ya chumvi ya kuvuta kwa mashine, na kupigwa mgongo mara mbili kwa siku ili makohozi yang'oke. Nesi alitaka mtu wa nyumbani ajifunze, na aliyejifunza ni Mwatumu. Nalala kifudifudi, mto chini ya kiuno, kichwa kimeinama kitandani. Yeye anakunja kiganja kama anayeteka maji, ananipiga ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na juu. Kisha nainuka natema, na yeye ameshika kopo. Kopo lile lile. Siku ya kwanza niliona bora ardhi inimeze. Yeye alichungulia ndani, akasema, "Leo ukijani umepungua, mama." Hakugeuza uso hata mara moja. Wala pua hakuikunja, na mimi nilikuwa nikiitazama ile pua.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: mtu niliyemzimia jiko ananipiga mgongo nipate kupumua, akitoka kwenda sokoni mimi nafukiza, na akirudi ananipiga tena ayatoe niliyoyaleta mwenyewe.

Ramadhani ikaingia. Anayeijua Ramadhani ya kwetu anajua kitumbua kina nafasi gani kwenye futari. Miaka yote alasiri mlango wetu ulikuwa na watu mpaka karibu na adhana. Mwaka huu Mwatumu alijitanda buibui akaenda kununua vitumbua kwa mwanamke mwengine, akaviweka mezani. Haji akauma kimoja. "Si kama vyako," akasema. Mwatumu akacheka kidogo, akamsogezea uji. Mimi nikakitafuna changu, kikakataa kushuka, na sikuweza kusingizia ugonjwa.

Ikaja Idi. Siku zote za sikukuu wageni walijaa, na mimi nikahakikisha chetezo hakipoi. Nilicheka nao, nikawapa halua, nikakimbilia chumbani kukohoa ndani ya mto. Wageni walipokwisha, adhuhuri ya siku ya pili yake, pumzi ikakatika. Sijui niieleze vipi. Hewa ipo, unaiona mapazia yakitikisika, na haiingii. Mwatumu alinikuta nimeegemea ukuta, midomo imekuwa ya samawati. Alinibeba. Sitii chumvi, alinibeba mikononi mpaka barazani, akapiga kelele ya gari.

Wakanilaza, wakanivisha barakoa ya oksijeni. Siku ya pili nilikuwa nimepata nafuu ya kusikia na kuona. Dokta Neema akaja, Haji na Mwatumu wamesimama upande mmoja wa kitanda. Alipekua faili, akakunja uso.

"Sielewi. Dawa anakunywa, mgongo mnampiga. Mambo yalitakiwa yawe mazuri." Kisha akamwelekea Mwatumu. "Dada, umerudia jiko la mkaa? Sikukuu hii?"

"La, dokta."

"Sikulaumu. Nataka kujua tu. Moshi ukirudi, tunarudi mwanzo."

"Sijarudia. Tokea seredani itolewe sijawasha hata njiti, wallahi."

Haji akamtazama mkewe. "Mwatumu, sema kweli."

"Haji, nshaapa."

"Apa tena."

Akaapa tena, mbele ya daktari, mbele ya wagonjwa wa vitanda vya jirani. Mimi macho yalikuwa wazi. Mkono ulikuwa huru, na barakoa ile hutoka kwa kidole kimoja. Sikuitoa. Nilivuta hewa yao safi nikanyamaza, na Mwatumu akageuka akanitazama, kisha akatazama sakafu.

Nimeona mengi ya kuaibisha katika ugonjwa huu. Nimejichafua kwa kukohoa, nimeogeshwa na mtu mwengine, nimetema ndani ya mtandio wangu wa hariri. Hayo yote nayaweka upande mmoja, na dakika ile ya kunyamaza naiweka upande wake.

Asubuhi iliyofuata Mwatumu akaja na uji wa mtama. Akanigeuza kifudifudi, akaanza kazi. Alipokuwa ubavu wa kulia nikasema, uso umo kwenye shuka, "Ni udi."

"Unasemaje, mama?"

"Ni udi unaoniua. Nafukiza mara tatu, mara nne kwa siku, nimefunga dirisha."

Akaendelea kupiga. "Udi? Udi nao moshi?" Kisha nadhani aliufikiria, kwa sababu alisema, "Masikini, hatukujua."

Hapo ningeweza kunyamaza tena, na ningetoka msafi. Alikuwa amekwisha kunifungulia mlango. Nikasema, "Mimi nilijua."

Kiganja kikasimama mgongoni. "Tokea lini?"

"Kabla seredani yako haijatoka."

Nikasikia wauguzi wakipita na kigari cha dawa.

"Na jana," akasema, "dokta aliponisema, ulikuwa umelala?"

"Sikulala."

"Niliona," akasema. "Nikajiambia kwamba ni homa."

Alimaliza ubavu wa kulia. Akanigeuza, akamaliza wa kushoto, sawasawa na siku zote, wala hakupiga kwa nguvu zaidi. Akanishikia kopo, akalifunika, akaniwekea uji karibu. Akavaa buibui, akatoka. Jioni Haji alikuja peke yake, na nikamwambia na yeye, neno kwa neno. Alikaa ameshika magoti. "Mama," akasema, "mimi nimemwambia mke wangu aape mara mbili." Akaondoka bila ya kunibusu mkono. Dokta Neema nilipomwambia, alinishukuru kwa kusema kweli, akaandika kwenye faili. Ningefurahi zaidi kama angenifokea.

Mwatumu alikuwa amekwenda kwao.

Sasa wewe mwenzangu unayekohoa, nikupe yale ninayoyajua. Njia za pumzi zilizolegea hazikazi tena, lakini zinaweza kuachiwa zipumzike. Fungua dirisha. Kopo liweke pahala unapolifikia, mtu akiliona na alione. Kipupwe hiki nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya pili Michenzani bila kukaa njiani, na jambo dogo kama hilo linatosha kukupa furaha ya wiki. Udi siupiki tena, na sitii nyumbani hata punje. Ukiulizwa na daktari, taja kila moshi, hata ule unaoupenda, na kama hukuulizwa utaje vile vile. Zaidi ya hayo sina utaalamu.

Mwatumu alirudi, na anachoma tena vitumbua vyake, kwenye uwa wa rafiki yake mtaa wa pili, kwa sababu mkaa nao kifua changu hakiutaki. Kurudi kwake ni jambo lake na mumewe. Ninachotaka kukiandika ni kile kilichotokea kwao kabla hajakubali.

Niliporuhusiwa kutoka hospitali ndugu zangu walisema mkwe habembelezwi na mama wa mume, watumwe shangazi ya Haji na mzee mmoja, waseme maneno ya kawaida, vijana wamekoseana. Nikasema vijana hawakukoseana. Haji akanipeleka Mkokotoni asubuhi. Nilipanda ngazi tatu za baraza yao kama mtu anayepanda mnara. Mama yake Mwatumu alikuwepo, na ami yake, na majirani wawili waliokuja kusuka ukili wa mikeka wakaona bora wabaki. Mwatumu alikaa karibu na mlango. Alinipa shikamoo, nikaitikia, na hakunitazama.

Wakanikaribisha kahawa. Nikasema sitokunywa kwanza. Nikasema nimekuja kwa sababu binti yao alizimiwa jiko kwa uongo wangu, na akaapishwa mara mbili mbele ya watu kwa jambo ambalo ni langu, na mimi nilikuwa macho nikasikia. Nilisema nilijua tangu mwanzo. Pumzi ilikuwa fupi, nikasema kwa vipande, na mwisho sauti ilishuka ikawa haisikiki vizuri.

Mama yake akaanza, "Basi, Bi Mize, yamekwisha, mwanangu atarudi..."

"Mama, ngoja," Mwatumu akasema. Sasa alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira usoni, au ilikuwepo na ameitia adabu. "Dada yangu yuko jikoni, hajasikia. Na wifi yake. Huko mjini mimi niliapa mbele ya wodi nzima."

Akainuka akaenda kuwaita. Wakatoka, mmoja bado ameshika mwiko, wakasimama mlangoni wakishangaa. Mwatumu akakaa pale pale alipokuwa, akafunika miguu kwa kanga.

"Haya, mama," akasema. "Sema tena. Kwa sauti."

Nikakohoa, nikatema kwenye kopo mbele yao wote, nikafuta mdomo. Nikasema tena, kwa sauti.